Rivolva Iliyosuguliwa Msasa

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kuhani msiba, na nikarudi Mwanza na huzuni ya pili ambayo sikuitarajia. Familia ya rafiki yangu, katika kupanga vitu vya marehemu bibi yao, ilikuta rivolva ya zamani, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ndani ya sanduku la bati, imeviringishwa kwenye kipande cha kaniki. Mjomba wao alimwita mtendaji wa kijiji, mtendaji akawapigia simu polisi, na mambo yakaenda kama inavyotakiwa. Tatizo ni kwamba kabla mjomba hajaambiwa lolote, mjukuu mmoja alikuwa amekwisha kuisugua kwa msasa kwa siku mbili nzima, akiamini kwamba anaienzi mali ya wazee wake.

"Shikamoo baba. Si imependeza?" aliniuliza yule kijana, na sikuwa na moyo wa kumjibu.

Ililazwa juu ya gazeti, mezani. Niliinama nikaitazama bila kuigusa. Ilikuwa na mtutu mrefu wenye pete nene mdomoni, kitasa kidogo cha usalama ubavuni upande wa kushoto, na pete ya kufungia kamba chini ya mpini. Hiyo ni rivolva ya jeshi la Ujerumani ya mwaka 1879, yenye chemba sita za risasi za milimita 10.6. Mahali ambapo mtengenezaji wa Suhl, mji wa Ujerumani, angekuwa ameweka muhuri wake wa duara refu palibaki kivuli tu. Ukanda wa chuma wa nyuma ya mpini, ambako kikosi kilichopewa silaha hiyo hugongewa alama yake, ulikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Herufi moja ndogo yenye taji juu yake, alama ya mkaguzi wa kiwandani, ilikuwa imesalimika kwenye kona ambayo karatasi ya msasa haikuweza kuingia.

Nimezisoma rivolva za zamani kwa miaka mingi, kwa vitabu, kwa picha na kwa orodha za minada ya ng'ambo, ingawa sijawahi kumiliki hata moja wala sitafuti kuimiliki. Jambo la kwanza ambalo mkusanyaji yeyote makini atakuambia ni kwamba usiing'arishe. Kutu unaweza kuuzuia usiendelee kwa mafuta mepesi na kitambaa laini, lakini chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudi, na pamoja nacho huondoka maandishi yote. Mtu anayezijua silaha hizi huanza kwa kulinganisha namba iliyogongwa kwenye fremu na ile ya mtutu, ya silinda na ya vipande vidogo, ili ajue kama vipande hivyo vimekuwa pamoja tangu kiwandani au vimeunganishwa baadaye kutoka silaha mbalimbali. Kisha husoma mihuri ya wakaguzi, mwaka na alama ya kikosi. Rivolva yenye kutu na mihuri kamili ina thamani kubwa kuliko inayong'aa isiyo na hata mmoja, na hapa sizungumzii thamani ya fedha. Ninazungumzia uwezo wa kujua ilikuwa mkononi mwa nani, na iliingia ziwani kwetu kwa njia gani.

Huku kwetu swali hilo ni zito. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliivamia Bukoba Juni 1915, na tarehe 14 Julai 1916 wakaiteka Mwanza, huku Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea Tabora. Waliokuja walibeba rivolva za Webley zilizotengenezwa Birmingham, ambazo ukizikunja katikati hutema maganda yote sita kwa mara moja. Mwenye rivolva ya Kijerumani ya 1879 hakuwa na bahati hiyo: alifungua kilango cha ubavuni, akasukuma ganda moja kwa kijiti, akazungusha silinda, akasukuma la pili, hivyo hivyo hadi la sita. Mtoto wa shule akionyeshwa silaha hizo mbili kwenye meza moja ataelewa jambo kuhusu vita ile ambalo ubao na chaki havitamwelewesha. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa maelfu katika vita hiyo, na wengi wao hawana hata kaburi lenye jina. Kitu kimoja kilichobaki sandukuni kwa bibi hakistahili kufutwa kwa msasa, wala kutupwa kwenye tanuru.

Ndiyo, tanuru, kwa sababu huko ndiko silaha zilizosalimishwa huishia. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba polisi wana sababu zao. Kanda yetu imeumizwa na silaha haramu, na wavuvi wanajua maana ya kuvamiwa usiku katikati ya maji na kunyang'anywa injini na nyavu. Tena askari aliyekuja siku ile alipofungua kilango na kuzungusha silinda taratibu, chemba ya nne ilikuwa na risasi. Kijana wetu alikuwa ameisugua siku mbili akiwa ameipakata. Hapo sina ubishi: ukikuta kitu kama hicho usikiguse, mwite mtendaji au polisi, basi. Nchini Marekani sheria kuu ya silaha ya mwaka 1968 haiihesabu kuwa silaha bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, na mimi nisingependa utaratibu huo uletwe hapa.

Hata hivyo, kati ya kumwachia mtu silaha nyumbani na kuiyeyusha kuna njia ya tatu. Mtutu hutobolewa na kuzibwa kwa chuma kilichochomelewa, chemba huzibwa, ncha ya kufyatulia hukatwa, na mihuri yote hubaki kama ilivyokuwa. Silaha ya namna hiyo haiwezi kumdhuru mtu tena, na ingeweza kukaa kwenye kabati la kioo mahali kama Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, karibu na ngoma za watemi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na hata mlango wa mbao uliochongwa kabla ya 1940 umetajwa humo. Rivolva ya 1879 imekosa mwaka wa kuangukia. Ninaomba utaratibu mwepesi tu: kabla silaha ya zaidi ya miaka mia haijapelekwa kuteketezwa, mtu mmoja wa makumbusho aitwe kituoni, aitazame, aipige picha na aandike namba zake.

Mjomba alipewa karatasi ya kupokelea iliyoandikwa "bastola chakavu moja". Nilimwomba kalamu, na nyuma ya karatasi hiyo nikamchorea ile herufi na taji lake, pamoja na tarakimu mbili za namba zilizokuwa bado zinasomeka.