Tiketi ya Kombe la Dunia, Ila Si ya Mtu

Najua wengi wenu mshaisikia ile sauti ya WhatsApp kuhusu mimi na tiketi yangu ya Kombe la Dunia, ya yule jamaa yangu wa boti, ambaye anacheka nusu dakika nzima kabla hajatamka neno. Imefika Malindi, imefika Mombasa, na jana binamu yangu aliye Jeddah ameniuliza kama punda wangu ameshapata pasipoti. Basi leo nasema mwenyewe, kwa sababu kila inakopita mtu anaongeza chumvi yake, na sasa nasikia kuna toleo ambalo nimeuza nyumba ya marehemu babu.

Tusahihishane kwanza. Sikununua nafasi ya punda. Mimi punda sina. Punda ni wa ami yangu, na ni mzee hata mchanga habebi tena. Halafu sikumchangisha mtu shilingi. Nilichopokea kwa watu wa Amu, ndio huu mji wetu wa Lamu, ni dua na maagizo. Maagizo nimeshawarudishia. Dua sijui zinarudishwaje.

Chanzo cha yote ni Cape Verde. Mwezi wa Oktoba 2025 walipoifunga Eswatini 3-0 na kuingia Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, wakaiacha Cameroon nyuma kwenye kundi, hapa gatini kuna watu wazima walikumbatiana. Ni visiwa kumi baharini na watu wake nusu milioni na kitu. Timu yao inaitwa Papa wa Buluu. Sisi huku papa tunamkausha tunamla, lakini tukaona hawa ni ndugu. Harambee Stars yetu ya Kenya haijawahi kufika Kombe la Dunia tangu iumbwe, na mtu hawezi kungoja maisha yote. Nikasema visiwa ni visiwa.

Droo ikafanywa Desemba kule Washington. Cape Verde wakatiwa kundi moja na Uhispania, Uruguay na Saudi Arabia. Uhispania ni Atlanta, tarehe 15 Juni, hiyo nikaiacha, sitoki Lamu kwenda kuona ndugu zangu wakichinjwa. Uruguay ni Miami, tarehe 21. Saudi ni Houston, tarehe 26, na hapo nikaona pana pointi tatu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa baharia, sisi tunamwita Kapteni, meli yao iliwahi kutia nanga Houston, akaniambia joto la kule mwezi wa Juni ni la Lamu wakati wa kaskazi. Mama hakumwamini. Marekani kwake ni barafu tu. Akaniazimia koti la sufu kwa watu.

Ami ndiye aliyepinga. "Yaani unapanda ndege kwenda kuwazomea watu wa Makka?" Nikamwambia ami, siendi kumzomea mtu, nakwenda kushangilia. Akasema ni yale yale.

Sasa usiku wa kununua. Mnaonijua mnajua intaneti ya mtaani kwetu jioni inavyokuwa, na siku hiyo umeme nao ulikuwa umekatika, simu imebaki na chaji asilimia 7. Tiketi za Houston nilizokuwa naziona zilikuwa dola mia tano, mia sita, nyingine sitaki kuzitaja mbele ya watoto. FIFA baada ya kelele za Desemba kuhusu bei walitoa tiketi za dola 60 kwa mashabiki wa timu zilizofuzu, lakini hizo zinapitia mashirikisho ya mpira ya nchi zenyewe, na mimi na shirikisho la kule Praia, Cape Verde, hatujuani. Nikawa nashusha, nashusha, kidole kinauma. Ghafla naiona: Cape Verde na Saudi Arabia, Houston, 26 Juni, dola mia na ushei. Rangi ya manjano pembeni. Nikajua hiyo ni sehemu ya majukwaa, viti vya manjano.

Mtaniuliza, na neno la maegesho hukuliona? Nililiona. Wallahi nililiona. Nikadhani ni ofa. Nikajiambia angalia Wamarekani walivyo wakarimu, unanunua tiketi unatiliwa na maegesho juu. Nikaona gari sina, haidhuru, hiyo bonasi nitawaachia. Nikaingiza kadi ya dada yangu, nikabonyeza, simu ikazima. Nililala nikitabasamu gizani.

Asubuhi dada akapata ujumbe wa benki, mimi nikapata barua pepe, na mji mzima ukapata habari. Ninyi hamjui Amu. Huku habari haitumwi, inatangulia. Nilipofika Mkunguni kununua mahamri, muuzaji akaniuliza Houston nitakaa siku ngapi.

Maagizo yakaanza. Huyu anataka simu, yule jezi ya Cape Verde ya mtoto, fundi wa mashine za boti akanipa namba za rafadha ya injini yake nimtafutie. Bibi mmoja wa Langoni akaniletea chupa ya samli nimpelekee mwanawe Toronto, kwa kuwa amesikia kombe lenyewe liko nchi tatu na Canada imo. Nikamweleza kwamba kutoka Houston mpaka Toronto ni safari ya ndege ya saa kadhaa. Akanitazama vile wazee wanavyomtazama kijana mvivu. Nikaipokea samli.

Nami kichwa kikavimba. Nilikuwa naelezea watu viza. Nilikaa kibarazani nikawasomesha wazima wenye akili zao: dola 185 za ombi, unapanda boti mpaka Mokowe, basi, mpaka Nairobi, usaili ni ubalozini Gigiri, na kwamba wenye tiketi za FIFA wamewekewa utaratibu wa kupata miadi ya usaili mapema, ingawa viza yenyewe hawahakikishiwi. "Sisi wenye tiketi," ndivyo nilivyokuwa nasema. Sisi wenye tiketi! Nilikusudia kuichapisha kwa rangi, niitie plastiki, nimkabidhi ofisa kwa mikono miwili. Kila nikifikiria kwamba kidogo tu ningesimama mbele ya dirisha la ubalozi wa Marekani na karatasi ile, tumbo linanishika.

Mama alikaanga visheti vya kuniaga. Ndoo nzima.

Haya, sasa nakuja pale penyewe. Mwenye kucheka acheke kabisa, asinibakishie ya kesho.

Ilikuwa jioni, ukumbi wetu wa kutazamia mpira, mechi ya ligi ya Uingereza, wakati wa mapumziko. Pamejaa mpaka mlangoni. Nimekuja na ndoo ya visheti, nagawa, nimevaa kanzu mpya, nakubali mikono ya watu. Yule jamaa wa boti (huyo huyo mwenye sauti, kumbukeni uso wake) akapaza: "Sisi visheti tumeona, tiketi hatujaiona!" Ukumbi wote, "Tiketi! Tiketi!" Mwenye ukumbi akasema leta simu, tuitie kwenye skrini kubwa. Na mimi, badala ya kusema betri imekwisha, maneno ambayo miaka yote yameniokoa na mambo mengi, nikamkabidhi.

Picha ikaja polepole kutoka juu. Nembo ya kombe: makofi. Cape Verde na Saudi Arabia: mtu akapiga mluzi, ami huko nyuma akaguna. 26 Juni 2026: makofi. Uwanja wa Houston: Kapteni akainua fimbo, "Hapo! Hapo mimi nimefika!" ingawa yeye alifika bandarini. Nikamwita mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu, Kiingereza chake kizuri, nikamsimamisha juu ya benchi awasomee wazee kwa Kiswahili. Hilo nalo nililifanya kwa mkono wangu. Hakuna aliyenilazimisha.

Mtoto akasoma mechi, akasoma tarehe, akasoma uwanja. Kisha akasema, "Ruhusa ya..." akanyamaza.

"Ruhusa ya nini?" akauliza Kapteni.

Mtoto akanigeukia. "Mjomba."

"Soma, mwanangu," nikamwambia, kwa sauti ya mfadhili. "Usione haya. Kiingereza si lugha ya mama yako."

"Mjomba, hapa..."

"Soma!"

Akameza mate. "Ruhusa ya kuegesha gari moja."

Mnajua ukumbi wenye watu wengi unavyonyamaza? Feni niliisikia. Nilimsikia pia mtu akitafuna kisheti, cha mama, halafu akaacha kutafuna.

Kapteni akatoa miwani, akaipangusa kwa ncha ya kikoi, akaivaa, akasogea mpaka pua ikagusa skrini. "Gari moja," akathibitisha. "Na watu wangapi?"

"Watu hawakutajwa," akasema mtoto.

Hapo ningetoka. Mlango ulikuwa hatua chache. Lakini mdomo wangu una uhuru wake, ukasema: "Hiyo ni bonasi. Tiketi yenyewe iko chini. Shusha." Mwenye ukumbi akashusha. Mtoto akasoma ya chini, taratibu, kama anasoma talaka: "Ruhusa hii haimwingizi mtu uwanjani. Kila mtu awe na tiketi yake."

"Shusha tena," nikasema.

Akashusha. Kulikuwa na ramani ya mahali pa kuegesha. Manjano yote. Manjano yangu ilikuwa lami.

Naomba muelewe nilipokuwa nimesimama. Hiki ni kisiwa ambacho mji wake wa kale vichochoro ni vyembamba, punda wawili wakipishana mmoja huegemea ukuta. Gari haliingii. UNESCO wametuandika urithi wa dunia mwaka 2001, na watalii wanavuka bahari kuja kuona mahali pasipo na magari. Mimi leseni sina. Kuendesha sijui. Na katika Amu yote, mtu mwenye nafasi ya kuegesha gari Marekani, iliyolipiwa na yenye risiti, ni mimi.

Bado hakuna aliyecheka, walikuwa wananionea huruma, na nadhani ningenusurika. Lakini kuna mzee mmoja anayebebesha punda mchanga na mawe, mtu mpole, hajapata kumdhihaki mtu. Akainua mkono huko nyuma, akauliza kwa dhati ya moyo wake, akitaka kunisaidia:

"Na punda anaruhusiwa?"

Basi.

Kilichotoka mle ndani sijui nikiite nini. Benchi la mbele lilianguka na watu wake. Jamaa wa boti alilala chini kabisa, sakafuni, akipiga sakafu na kiganja. Ami yangu, aliyekuwa ameninunia tangu Desemba kwa ajili ya Makka, alicheka mpaka kofia ikamtoka, akawa anasema "Huyu Mungu amemzuia, Mungu amemzuia." Mtoto wa dada bado yuko juu ya benchi, ameshika mdomo kwa mikono miwili, mabega yanamruka. Nikamwambia shuka. Hakuweza kushuka.

Na katika ghasia hiyo kipindi cha pili kilikuwa kimeanza, simu yangu haijachomolewa, na bao likafungwa Uingereza watu wote wakitazama ramani ya maegesho ya Houston. Waliosikia kelele za bao kutoka ukumbi wa jirani wakadai pesa zao. Mwenye ukumbi akaniangalia mimi. Nikalipa.

Yaliyofuata sina haja ya kuyarefusha. Niliondoka na ndoo tupu. Koti la sufu limerudi kwa mwenyewe, rafadha imerudi kuwa namba kwenye karatasi, na bibi wa Langoni amechukua samli yake bila kunisemesha. Mama aliuliza neno moja tu, "Mato yako yalikuwa wapi?" (mato kwetu ni macho) kisha akaenda kuanika nguo, nikamwona mgongo unamtikisika. Dada anataka pesa zake mwisho wa mwezi. Ile nafasi nimeiweka iuzwe tena, na Mmarekani mmoja ameshauliza kama gari lake refu litatosha. Nimemjibu kwamba kwa ninavyoifahamu mimi hiyo sehemu, litatosha.

Kwa wanaouliza, mechi nitaitazama hapa hapa, saa tisa usiku wa kuamkia 27 Juni kwa saa zetu, na Cape Verde wanashinda, andikeni.

Ila kuna jambo moja la juzi. Nimeamka nikakuta mtu amepiga chokaa mstatili mkubwa mbele ya ukumbi, mistari imenyooka vizuri, katikati pameandikwa jina langu na chini yake HOUSTON. Namjua aliyefanya, mwandiko ni ule ule ulioandika jina la boti yake. Nilitaka kukwangua, nikaona nitazidisha habari, nikaacha.

Jana jioni napita, nimekuta mkokoteni wa saruji umeegeshwa ndani ya mstatili, sawasawa, haujagusa mstari. Mwenyewe amekaa kando anakunywa kahawa. Akanisalimu kwa heshima, akaniuliza kwa saa ni shilingi ngapi.

Nikamwambia hamsini.

Akalipa.