Kikombe cha Busaa kwa Mama Mjamzito

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye matanga huko Vihiga, na tangu nirudi Kisumu sijatulia. Binti wa dada yangu, mwenye mimba ya miezi saba, aliketi karibu na chungu cha busaa, pombe ya kienyeji ya nafaka, na mama aliyekuwa akigawa akamkabidhi kikombe cha bati, povu bado likipanda ukingoni. "Kunywa kidogo, mwanangu, mtoto apate nguvu." Nilikitwaa kikombe hicho nikakiweka chini, na wazee wakanitazama kama mtu aliyekosa adabu.

Nakubali kwamba busaa si kali kama chang'aa, na kwamba nafaka ina lishe yake. Lakini pombe iliyomo huvuka kondo la nyuma, na baada ya muda mfupi kiwango chake katika damu ya mtoto hukaribia kile cha mama, ilhali ini lake halijakomaa kuiondoa.

Tukizungumzia pombe na ubongo tunataja seli za neva pekee, tukizisahau glia, yaani seli saidizi ambazo neva haziwezi kufanya kazi bila hizo. Astrosaiti huzilisha neva na kufyonza kemikali zinazozidi. Oligodendrosaiti huzivika mayelini, utando wa mafuta unaoharakisha ujumbe. Mikroglia hulinda na kufagia mabaki. Kazi hiyo hushika kasi miezi ya mwisho ya mimba, pale pale alipofika mpwa wangu. Katika majaribio ya wanyama, pombe ya kipindi kama hicho iliua oligodendrosaiti zingali changa, na ikazichochea mikroglia hadi zikamwaga kemikali zinazoumiza ubongo zinaoulinda. Mtoto aliyedhurika anaweza kuzaliwa na sura isiyo na dosari yoyote, akafika darasa la tatu akisahau leo alichofundishwa jana, nasi tukamchapa na kumwita mzembe. Kumwadhibu mtoto kwa jeraha alilolipata tumboni ni dhuluma, na tunaifanya kila muhula.

Ni kweli, si kila mtoto hudhurika, lakini hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama. Wanaokunywa mvinyo mjini nao wasijitenge. Pombe ni ile ile.

Mpwa wangu alikuwa amehudhuria kliniki mara nne. Alipimwa presha, akapewa neti na vidonge vya madini ya chuma, ila kuhusu pombe hakuulizwa hata mara moja. Jumatatu nilimsindikiza kwa ziara ya tano. Yeye mwenyewe alimweleza muuguzi, kwa sauti ya chini, amekuwa akinywa nini na mara ngapi, na muuguzi akasogeza kiti karibu, akafungua kijitabu cha mama na mtoto, akaanza kuandika.