Árpád Göncz: kalamu ya mfasiri ilitangulia Ikulu

Ukisoma wasifu mfupi wa Árpád Göncz, utakuta amepangwa hivi: Rais wa Hungaria kuanzia 1990 hadi 2000, mpinzani wa zamani wa ukomunisti, tena mwandishi na mfasiri. Ufasiri huwekwa mwishoni, kama pambo. Mimi napinga mpangilio huo. Kazi iliyomjenga Göncz, iliyomlisha kwa robo karne na kumfundisha namna ya kushika madaraka, ilikuwa kufasiri vitabu.

Alizaliwa Budapest tarehe 10 Februari 1922, akasomea sheria na kuhitimu 1944. Baada ya vita alikuwa katibu wa Béla Kovács, kiongozi wa Chama cha Wakulima Wadogo. Wakomunisti walipokivunja chama hicho, mwanasheria huyo aligeuka mchomeleaji vyuma, kisha akaingia chuo cha kilimo Gödöllő.

Kazi yake ya kidiplomasia ya kwanza aliifanya bila cheo chochote. Mizinga ya Kisovyeti ilipozima mapinduzi ya Wahungaria dhidi ya utawala wa kikomunisti Novemba 1956, István Bibó, waziri katika serikali ya mapinduzi ya Imre Nagy iliyopinduliwa, aliandika pendekezo la suluhu: jeshi la Kisovyeti liondoke, Moscow ihakikishiwe kwamba Hungaria haitakuwa adui yake, na mashamba makubwa yasirudishwe kwa mabwana wa zamani. Göncz ndiye aliyelifikisha kwa Wahindi. Hesabu yake ilikuwa nzuri. India ya Nehru haikuwa katika kambi yoyote, na balozi wake K. P. S. Menon aliwakilisha nchi yake Moscow na Budapest kwa pamoja, kwa hiyo karatasi ile ingeweza kufika Kremlin bila kupita mikononi mwa Wamarekani. Haikufua dafu, kwa sababu Moscow haikuwa na haja ya suluhu wakati imeshashinda kwa silaha. Göncz alisaidia pia kuvusha mswada wa Imre Nagy kwenda nje kupitia ubalozi mdogo wa Uingereza. Alikamatwa Mei 1957, na tarehe 2 Agosti 1958 akahukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Bibó. Nagy alikuwa amenyongwa Juni mwaka uleule.

Gerezani Vác ndipo alipokijua Kiingereza. Serikali iliwakusanya wafungwa wasomi katika ofisi ya tafsiri, wakafasiri vitabu vya Magharibi ambavyo raia wa kawaida hawakuruhusiwa kuvisoma. Dola ililipata jasho lao bure, lakini wao walitoka na ufundi. Göncz alishiriki mgomo wa kula wa 1960, akaachiwa huru kwa msamaha wa 1963, ambao serikali ya János Kádár, iliyowekwa na Wasovyeti baada ya mapinduzi, iliutoa ili ijinasue na lawama za Umoja wa Mataifa.

Mtu mwenye rekodi ya aina hiyo hakupewa kazi ya maana. Alianza na tafsiri za kitaalamu, na kuanzia 1965 akaishi kwa tafsiri za fasihi peke yake. Alikuwa na mke na watoto wanne. Tena hakuchagua mepesi: Mary Shelley, Golding, Updike, Arthur C. Clarke. Kazi zake za fasihi zilizofasiriwa zilipita mia moja.

Angalia alivyobeba mzigo wa Faulkner, riwaya ya *The Sound and the Fury*. Humo mna watu wawili wanaoitwa Quentin, mmoja mjomba na mwingine mpwa wake wa kike. Sehemu ya kwanza inasimuliwa na Benjy, mtu mwenye akili ya kitoto, ambaye huruka kutoka mwaka mmoja hadi mwingine bila kuaga. Msomaji wa Kiingereza husaidiwa na viwakilishi, kwa kuwa *he* ni mwanamume na *she* ni mwanamke. Kihungaria, kama Kiswahili, hakina tofauti hiyo. Mfasiri akifuata sentensi neno kwa neno, Quentin wawili wanakuwa mtu mmoja na kitabu kinaanguka. Akiongeza maelezo kila mahali, anaua ukungu ambao Faulkner aliukusudia. Inabidi apime kila aya: hapa alirudie jina, pale aache nguo au kitendo kimtambulishe mtu. Yeyote atakayemleta Faulkner kwenye Kiswahili atakutana na kisiki hichohicho.

Kazi ya Tolkien ilikuwa na ugumu wa aina nyingine. Ádám Réz alifasiri sura kumi na moja za mwanzo za *The Lord of the Rings*, akafariki 1978. Göncz alizipokea pamoja na majina ambayo Réz alishayatunga, ambapo hata Frodo, shujaa wa hadithi, ana jina la ukoo la Kihungaria lililotangulia, Zsákos Frodó. Mashairi alipewa mshairi Dezső Tandori. Kitabu kilitoka 1981, na msomaji akakipokea kama kazi ya mkono mmoja. Kwangu mimi huu ndio ustadi wake mkubwa kuliko wote, kuendeleza sauti ya marehemu bila kuifunika na yake.

Sisi tunaye Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1922 na aliyemleta Shakespeare kwenye Kiswahili. Ila Nyerere alifasiri akiwa tayari kiongozi. Göncz alifasiri ili watoto wale.

Bunge lilimchagua kuwa Spika na kaimu Rais Mei 1990, kisha Rais kamili Agosti. Waziri Mkuu József Antall alipotaka wakuu wa redio na televisheni ya taifa waondolewe, Göncz alikataa kutia saini. Mahakama ya Katiba ilikuwa imeamua 1991 kwamba Rais anaweza kukataa pale tu uamuzi unapotishia vibaya uendeshaji wa kidemokrasia wa taasisi. Göncz aliushika msemo huo na kusisitiza kwamba tishio lipo. Wafuasi wa serikali waliona anakibeba SZDSZ, chama cha upinzani alichotokea kabla ya urais, na tarehe 23 Oktoba 1992, siku ya kumbukumbu ya mapinduzi aliyofungwa kwa ajili yake, alizomewa mbele ya Bunge hadi akashindwa kuhutubia.

Nawapa wakosoaji haki kidogo: aliunyoosha uamuzi wa mahakama kuliko majaji walivyokusudia. Lakini alibaki ndani ya maandishi na kutaja sababu yake hadharani, na wakuu wale walijiuzulu wenyewe mapema 1993 bila yeye kuwafukuza. Wahungaria waliendelea kumpenda. Bunge lilimchagua tena 1995, wakati huo likiwa na wingi wa chama kingine kabisa.