Koti la babu

Nimekutana na habari ya wazee waliopigana vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, ikanikumbusha babu yangu mzaa mama. Alikuwa mkulima na mgambo tu, akachukuliwa mwaka 1978, akatembea hadi Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979. Sifa hakuzitaka kabisa. Alichosimulia ni mapigano ya Lukaya, njiani kuelekea Kampala: barabara imekatiza kinamasi, makombora yanakuja, huna pa kukwepea kulia wala kushoto. Akifika hapo alinyamaza, akaomba chai.

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, alivaa koti lake la kaki alfajiri akakaa karibu na redio. Jioni alilikunja mwenyewe. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Leo ninalo mimi. Natamani nilipeleke Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa mkoani Kagera, walikolala wenzake.