Tuanze na njia ya chooni

Makala niliyoisoma kuhusu kuzuia wazee wasianguke nyumbani imewashauri wavae viatu visivyoteleza na taa ziwake usiku. Sawa kabisa, ila huku kwetu Mbagala, Dar es Salaam, hatari kubwa iko njiani kwenda chooni. Choo kiko uani, mlango una kizingiti kirefu, vigae vimelowa maji na povu la sabuni, na bibi anaingia na kandambili zilizolika soli. Umeme ukikatika ndiyo basi tena. Fundi wa kuchomelea anaweza kukukatia kipande cha bomba la chuma, mkakifunga ukutani kwa skrubu ndefu, usawa wa mkono wa bibi anapochuchumaa, apate pa kushika akiinuka. Asishike koki wala ndoo, havitambeba.

Jambo ambalo makala haikuligusa ni dawa. Baadhi ya dawa za presha humletea mtu kizunguzungu akiinuka ghafla, na zile za kupunguza maji mwilini zikimezwa jioni humwamsha usiku kwenda kukojoa. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, kichwa kitulie ndipo asimame. Mkiona anayumba, mpelekeni kliniki na dawa zake zote. Asiziache kwa uamuzi wake.

Na jamani, tusiwakalishe kutwa nzima kwa kuwahurumia! Mazoezi ya kuimarisha miguu na kusimama imara yanapunguza kuanguka kwa takriban robo. Mama yangu hushika meza, anasimama na kuketi mara kadhaa kila asubuhi kabla ya chai, na gengeni anakwenda mwenyewe.