Waacheni Mafundi Wazeekee Karakanani

Jumanne iliyopita nilifungua mchoro wa transfoma iliyotengenezwa mwaka 1989. Mteja anataka kubadilishiwa swichi ya kupandisha na kushusha volti, na kazi imeangukia mezani kwangu. Nikaona kona moja ya juu ya tangi imeingizwa ndani kwa sentimita kadhaa, upande mmoja tu. Sikuona sababu yoyote. Nikajua mchoraji alikosea, nikaanza kuinyoosha kwenye mchoro mpya. Halafu macho yakashuka pale chini pembeni, penye herufi za aliyechora. Herufi mbili. Mwenye herufi hizo anakaa chumba cha pili kutoka changu, na saa ile alikuwa anakunywa kahawa.

Nikampelekea. Hata miwani hakuvaa. "Handaki," akasema. Transfoma ile ilisafirishwa kwa reli, na njiani kulikuwa na handaki ambalo kona ile isingepita. Akavuta droo, akatoa daftari la jalada la kijani, akafunua ukurasa aliouandika akiwa kijana wa miaka 21: vipimo vya handaki, na hesabu zake kwa penseli. Nikarudi kwenye kiti changu, nikashindwa kuendelea na kazi. Mawazo yote yalikuwa Jinja, kwetu Uganda.

Mzee huyu aliingia kiwandani hapa Ujerumani mwaka 1984 akiwa na miaka 16, mwanafunzi wa kazi, siku kadhaa darasani na siku kadhaa karakanani, miaka mitatu na nusu. Hajawahi kuajiriwa kwingine. Alipotimiza miaka 40 ya kazi walimkatia keki kantini, wakamsomea barua, na mkuu wa kiwanda akasimama foleni kumpa mkono kama sisi wengine. Hana hata mtu mmoja chini yake. Analipwa sawa na wenye idara, kwa sababu kampuni imeweka ngazi mbili: moja ya wanaotaka kuongoza watu, nyingine ya wanaotaka kubaki na mashine. Kwetu ngazi ni moja. Ukitaka nyongeza ya mshahara lazima uache mashine, upate ofisi, uanze kusaini posho za wenzako. Fundi bora wa idara tunamgeuza mwenyekiti wa vikao, halafu tunalalamika kwamba mitambo inakufa.

Nimeshawasikia. "Huyo wa kyeyo, wa vibarua vya ughaibuni, ameanza." Najua. Kila anayepanda ndege Entebbe akikaa miaka miwili anageuka mwalimu wa taifa, na mimi mwenyewe nimewahi kuwachukia watu hao. Basi nisikilizeni vizuri: sisemi Wazungu wana akili kutuzidi. Mtu kama huyu wa jalada la kijani nilimfahamu kabla sijajua Ujerumani iko wapi. Alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa fundi umeme wa kiwanda kimoja pale Jinja miaka 27. Tulikaa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi, Waacholi, Wasamia, Walugbara, Wajaluo, Wagisu, wote mlango kwa mlango. Watu wa Kampala wanasema Kiswahili ni lugha ya askari. Kwetu kilikuwa lugha ya spana. Baba alikuwa akichukua bisibisi ndefu, anaegemeza ncha kwenye beringi ya mota inayozunguka, sikio anaweka kwenye mpini, anafumba macho. Kisha anasema, "Hii inatupa wiki mbili." Na zilikuwa wiki mbili kweli. Hilo hakulisoma popote. Ni mota zile zile, alizisikiliza mwaka baada ya mwaka, mpaka akajua kila moja inavyokohoa.

Tazameni bwawa la umeme la Jinja lenyewe. Owen Falls, leo Nalubaale, lilifunguliwa 1954, mitambo kumi ya megawati 15 kila mmoja, baadaye ikaongezwa nguvu mpaka 180 kwa jumla. Wakati wa Amin vipuri vilikuwa shida na wataalamu wengi walikuwa wameondoka. Mnadhani nani alibaki anazungusha mitambo ile usiku? Watu walioijua kwa miaka. Sioni haya kujivunia watu wale mbele ya Mjerumani yeyote, na nimewasimulia hapa kantini zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo mkiniambia "kukaa kampuni moja ni uvivu, kijana wa leo lazima aruke", nakasirika. Mimi nilirushwa. Kampala nilifanya kazi miaka minne katika kampuni ya kutunza jenereta na pampu za wateja, na miaka hiyo ilikuwa mikataba minne ya mwaka mmoja mmoja. Kila Novemba tumbo linaanza kukaza. Kila mtu ofisini alikuwa na kuku, au boda mbili, au kibanda cha kutuma pesa, na siwalaumu hata kidogo. Mtu asiyejua kama Januari atakuwa na kazi atatuliaje na mashine? Mwaka wa nne mkataba wangu haukuhuishwa. Aliyekuja nafasi yangu alikabidhiwa ufunguo wa gari.

Mimi nilikuwa na daftari. Kurasa mia na kitu, jenereta zote kuanzia Kawempe mpaka Lugazi: rilei ipi inadanganya, chujio lipi liliwahi kufungwa kinyume, mteja yupi ana waya wa ardhi uliokatika chini ya zege na hakuna anayejua isipokuwa mlinzi wa usiku. Siku ya mwisho nililiweka juu ya meza makusudi, nikasubiri mtu aniulize hicho ni nini. Nikalirudisha kwenye mkoba. Limevuka bahari, liko kwenye droo yangu hapa.

Sheria tunayo, msiseme hatuna. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema aliyetumika miaka 10 au zaidi apewe notisi ya miezi mitatu akiachishwa. Hapa inapanda taratibu kadiri mtu anavyokaa: ukifikisha miaka miwili ni mwezi mmoja, miaka 20 ni miezi saba. Nao wanapunguza watu, nisije nikawapamba. Kiwanda chetu kimepunguza mara mbili nikiwa ndani. Lakini wakipunguza, miaka uliyokaa inahesabiwa, inakukinga. Kwetu hiyo miaka 10 utaifikaje wakati kila Desemba unaanza sifuri?

Hapo ananijia mkosoaji mmoja ninayemheshimu. Anasema: ajira ya kudumu tuliijaribu serikalini, tukapata makoti yaliyotundikwa kwenye viti na wenyewe wako sokoni. Ni kweli, nimeyaona makoti hayo. Ila mwenye koti hakuna alichowahi kukiwekea herufi zake. Mzee wa handaki anajua mchoro wake una jina, na ukiharibika baada ya miaka thelathini mtu atamgongea mlango. Hiyo ndiyo inayomfanya aandike kwenye daftari. Mpeni mtu kazi yenye jina lake, mkague, halafu mwacheni akae. Sisi tuliacha watu wakae bila kukaguliwa, tulipochoka tukawafukuza wote, wazembe na mafundi pamoja.

Na tunapenda sana kubadilisha vibao. Bodi ya umeme, UEB, ilivunjwa vipande vitatu mwaka 2001. Usambazaji ukakodishwa kwa kampuni binafsi iitwayo Umeme mwaka 2005, na Aprili 2025 ukarudi kwa UEDCL, kampuni ya serikali. Fundi aliyeanza kupanda nguzo miaka ya tisini, kama bado anapanda, amevaa nembo tatu kifuani na nguzo ni ile ile. Sibishani kuhusu nani anaendesha vizuri. Ninachouliza kila makabidhiano ni kimoja: mita zinahesabiwa, transfoma zinahesabiwa, magari yanahesabiwa. Anayejua kwa nini laini fulani huanguka kila mvua ya kwanza, amehesabiwa wapi?

"Rudi basi ufanye wewe." Nitarudi, na si kwa sababu mmenisuta. Hapa nina miaka 14, nalipwa vizuri, na hakuna mwenzangu hata mmoja aliyewahi kuingia nyumbani kwangu. Nikifikiria pa kurudi, nawaona vijana wanaounda mabasi ya umeme ya kampuni ya Kiira pale Jinja, wengine walianza na ile gari ya umeme ya Chuo Kikuu cha Makerere ya 2011. Natamani mmoja wao afike miaka 40 mle ndani. Natamani mtoto aliyezaliwa leo Walukuba aje ampelekee mchoro na kumuuliza kwa nini kona hii imeingia ndani.

Mwezi uliopita simu yangu ililia usiku, namba ya Uganda nisiyoijua. Kijana. "Shikamoo, mhandisi. Nimepewa namba yako na mlinzi wa usiku." Yuko kampuni ile ile yangu ya zamani, wa tatu au wa nne tangu nitoke, na jenereta moja ya Lugazi inazimika kila ikibeba mzigo. Nikaenda kwenye droo, nikafunua, nikapiga picha kurasa mbili, nikamtumia. Baada ya saa moja akaandika kwamba imewaka.

Nikamuuliza mkataba wake unaisha lini.

"Desemba," akajibu.