Kabla ya jedwali, Lugalo: kufundisha wakati uliopita wa Kiingereza

Mtoto wa kidato cha kwanza hapa Iringa akiandika "Mkwawa didn't surrendered", kuhusu yule mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, usimwite mvivu. Amefuata Kiswahili chake. Tukisema "hakusalimu amri", wakati uliopita umo ndani ya kitenzi, kwenye ile "-ku-". Kiingereza kinaupakia wote kwenye "did", kisha kitenzi kikuu kinabaki kitupu.

Walimu wengi wanaanza na jedwali: "go, went, gone", darasa zima likiitikia. Hoja yao ni nzito. Sisi tuna "-li-" inayokubali kila kitenzi: alikwenda, alipigana, alileta. Kutoka "fight" kufika "fought" hakuna njia ya kukisia. Hapo ni kukariri tu. Na darasa likijaa, kuitikia pamoja kunamfikisha hata aliyekaa nyuma kabisa.

Lakini jedwali halisemi lini neno litumike. Aliyekariri vizuri kabisa bado ataandika "Mkwawa has died in 1898", kwa sababu kichwani ana "amekufa". Jedwali litamsaidiaje, wakati "die, died, died" safu ya pili na ya tatu zinafanana?

Mimi huchora mstari ubaoni: 1891, Wahehe wanakishinda kikosi cha Wajerumani Lugalo; 1894, ngome ya Kalenga inatekwa; 1898, Mkwawa anajiua kuliko kukamatwa. Watoto wanaijua habari hii kutoka nyumbani, kwa hiyo akili yao yote inabaki kwenye lugha. Kila tukio lina mwaka wake uliokwisha, nalo linadai "fought", "fell", "died". Halafu tunafika kwenye fuvu la Mkwawa, ambalo Wajerumani walilichukua. "It came back in 1954." "It has been in Kalenga since 1954." Sentensi ya kwanza imefungwa na mwaka; ya pili inaanzia mwaka huohuo na bado inaendelea, maana fuvu liko pale makumbusho, safari fupi kutoka mjini. Tofauti hii nimeifafanua kwa kanuni miaka mingi bila kueleweka.

Hadithi nayo ina udhaifu wake. Mtoto anasema "he fighted", wote wanamwelewa, somo linasonga na kosa linaota mizizi. Ndiyo maana nusu ya mwisho ya kipindi tunarudi kwenye jedwali, tukiitikia kwa sauti, ila lina vitenzi vya Lugalo na Kalenga tu. Juzi msichana mmoja alisoma "he did not", akasita, akafuta "surrendered" aliyoiandika, akabakiza "surrender".